Mwanafunzi Atakaye Kazi ya Filamu na Mwalimu wa Shule ya Msingi

Mwalimu akiwauliza wanafunzi wake wangependa kazi gani watakapokuwa watu wazima, atapata majibu tuliyoyazoea: udaktari, urubani, uaskari, ualimu. Siku hizi, hata hivyo, hakosekani mtoto mmoja au wawili watakaosema, pengine kwa sauti ya chini, kwamba wanataka kuonekana katika televisheni au kucheza filamu. Katika ziara zetu za kuwakagua wanachuo walio katika mazoezi ya kufundisha tumelisikia jibu hilo mara nyingi, na tumeona pia lilivyopokewa. Wako wanachuo waliocheka, na darasa zima likacheka nao. Wako waliomwambia mtoto aache uhuni, ashike hesabu. Na wako waliomsifu: "Kwa uso huo, mwanangu, utafika mbali!" Twaona kwamba namna zote tatu humwacha mtoto pale pale alipokuwa, na hiyo ya tatu ndiyo yenye madhara makubwa kuliko nyingine.

Tunakusudia kueleza hapa kwa nini jambo hili ni la mwalimu wa shule ya msingi kabla halijawa la chuo cha sanaa, na ni kitu gani hasa mwanachuo aweza kukifanya akiwa na ubao, chaki na darasa la watoto sabini.

Wenzetu kadhaa vyuoni hutuambia kwamba filamu ni anasa, na kwamba mtoto wa mkulima hana budi kwanza ajue kusoma, kuandika na kuhesabu. Hilo la kusoma na kuhesabu tunalikubali kabisa, na itaonekana huko mbele kwamba ndiyo njia yenyewe ya kuifikia kazi hii. Lakini kusema kwamba filamu ni anasa ya kigeni ni kusahau historia. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, palifanywa jaribio la kutengeneza filamu za kuwaelimisha Waafrika juu ya kilimo, afya na kuweka akiba. Zilitengenezwa filamu zipatazo 35. Walioonekana katika picha walikuwa wenyeji. Waliokata shauri nini kionyeshwe, na kwa shabaha gani, walikuwa wageni. Baada ya uhuru, mwaka 1968, iliundwa Kampuni ya Filamu Tanzania. Zanzibar ilipata televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilhali Tanzania Bara ilingoja mpaka mwaka 1994. Kuanzia miaka ya 2000 filamu za video zilizotengenezwa Dar es Salaam zilienea mijini na vijijini, zikavuka mipaka, na alipofariki Steven Kanumba mwezi wa Aprili 2012, umati uliojitokeza kumzika uliwashangaza hata wale waliokuwa wakizidharau filamu hizo. Mwaka 2021 filamu ya Vuta N'kuvute, iliyoongozwa na Amil Shivji kutokana na riwaya ya Adam Shafi, ilionyeshwa katika tamasha la filamu la Toronto, nchini Kanada.

Tangu Vugiri hadi Toronto swali limekuwa moja: ni nani anayeshika kamera, na ni nani anayesimamishwa mbele yake pasipo kujua atasemewa nini? Hatuoni kwamba swali hilo laweza kungoja mpaka mtoto afike chuo kikuu. Wengi hawatafika huko, lakini wote watatazama, na baadhi yao watapigwa picha.

Kosa la msingi katika mawazo ya watoto, na ya wazazi wao, ni kudhani kwamba kazi ya filamu ni kazi ya uso. Mtoto akitazama filamu huona nyuso tu. Hamwoni aliyeandika mswada, wala mwongozaji, wala mpiga picha, wala fundi wa taa, wala mshonaji wa maleba, wala seremala aliyejenga ukuta ule ambao nyuma yake hakuna nyumba. Hamsikii mtu wa sauti, kwa kuwa kazi yake ikiwa njema haitambuliki. Hajui kuwa yuko mhariri aliyeketi majuma mengi akichagua kipande hiki na kutupa kile. Kwa desturi ya kazi hii ukurasa mmoja wa mswada hukadiriwa kuwa dakika moja ya filamu. Basi filamu ya dakika 90 huanza na kurasa zipatazo 90 zilizoandikwa kwa kalamu, zikafutwa na kuandikwa tena. Mwalimu anayefundisha insha vizuri katika darasa la sita amekwisha kuingia katika kazi ya filamu, ajue asijue.

Iko kazi moja ambayo sisi huipenda kuitolea mfano kwa kuwa haina fahari yoyote. Filamu haipigwi kwa mfuatano wa hadithi. Mambo yote yanayotokea sokoni hupigwa siku moja, hata kama moja ni la mwanzo wa hadithi na jingine ni la mwisho. Kwa sababu hiyo yuko mtu ambaye kazi yake ni kuangalia mwendelezo: kikombe kilikuwa mkono wa kulia au wa kushoto? Kilemba kilifungwa namna gani? Maji ndani ya glasi yalifika wapi? Huyu huandika kila kitu. Sasa, katika darasa lako, ndugu mwanachuo, yumo mtoto mmoja ambaye hukuambia, "Mwalimu, jana uliandika tarehe upande ule." Mara nyingi twamwona msumbufu. Mtoto huyo ana jicho ambalo watu wa filamu hulilipia mshahara.

Yafaa mwalimu awe na mifano ya watu wa kweli, kwa maana mtoto huamini mtu kuliko maelezo. Lupita Nyong'o wa Kenya alipata tuzo ya Oscar mwaka 2014, na watoto wengi wamemwona katika picha akiwa amevaa gauni zuri. Wachache wanajua kwamba miaka kumi hivi kabla ya hapo alikuwa miongoni mwa wasaidizi wa chini katika utengenezaji wa The Constant Gardener, filamu iliyopigwa Kenya. Kwamba mwaka 2009 alitoa filamu yake mwenyewe ya maisha halisi juu ya watu wenye ualbino. Na kwamba alisoma uigizaji katika chuo kikuu cha Yale, Marekani, akahitimu mwaka 2012. Ousmane Sembène wa Senegali, aliyezaliwa mwaka 1923, alikuwa mpakuzi wa mizigo bandarini Marseille. Akaanza kuandika riwaya kwa Kifaransa, kisha akatambua kwamba watu wake wengi hawawezi kuzisoma. Alikuwa amekaribia umri wa miaka arobaini alipokwenda Moscow kujifunza filamu, na mwaka 1963 akatoa Borom Sarret, hadithi fupi ya mwendesha mkokoteni wa farasi katika mji wa Dakar. Mwaka 1968 akatoa Mandabi katika lugha ya Kiwolofu. Huyu wa pili tunampenda zaidi kwa ajili ya darasa, kwani hadithi yake yaanza na swali ambalo kila mwalimu hulijua: wanaosikiliza watanielewa?

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe darasani. Mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024 unalo somo la Sanaa na Michezo, na humo mwalimu apata nafasi ya wazi. Hata hivyo tungependa mwanachuo asiyafungie mambo haya katika somo hilo peke yake, kwa sababu faida kubwa zaidi imo katika Kiswahili.

Chukua kipande cha boksi gumu, ukate katikati yake tundu la mstatili lenye urefu wa sentimita 16 na kimo cha sentimita 9. Huo ndio uwiano wa kioo cha televisheni za siku hizi. Watoto waweza kukata za kwao, moja kwa kila kundi la watu wanne. Mtoto afumbe jicho moja na kutazama kwa jingine kupitia tundu hilo. Akilisogeza karibu na jicho ataona uwanja mzima, mwembe, mlingoti wa bendera na watoto wanaofagia. Akinyoosha mkono, ataona fagio moja tu na vumbi lake. Mwulize: katika picha hizi mbili, ni ipi inayotuambia kwamba mtoto yule amechoka? Mwulize tena: umekiacha nje kitu gani, na kwa nini? Hakuna umeme uliotumika hapo wala fedha, na mtoto amekwisha kujifunza jambo ambalo wanunuzi wengi wa kamera za thamani hawalijui, yaani kwamba kupiga picha ni kuchagua.

Kutoka hapo twende kwenye lugha. Kanuni ya mswada wa filamu ni kuandika kile tu kinachoonekana na kusikika. Neno "alifikiri" halina nafasi, wala "alikuwa na huzuni moyoni", kwa kuwa kamera haingii moyoni. Mwanachuo mmoja tuliyemkagua katika darasa la tano aliandika ubaoni sentensi moja fupi, "Mama alikasirika," kisha akawauliza watoto: mkiwa na fremu yenu ya boksi, mtaona nini? Majibu ya kwanza yalikuwa yale ya kawaida. Mama alipiga kelele. Mama alimpiga mtoto. Mwanachuo hakuyakataa, alingoja. Mwingine akasema mama alifunga kanga yake upya kiunoni. Mwingine, mama aliitua sufuria kwa kishindo. Ndipo msichana aliyeketi nyuma kabisa, ambaye hakuwa amenyoosha kidole tangu tulipoingia, akasema: "Mama alinyamaza. Akaendelea kuchambua mchele." Darasa lilitulia kidogo. Kila mtoto alikwisha kumwona mama huyo nyumbani kwao. Tumekagua masomo mengi ya insha, na ni machache ambamo tumeona watoto wakipima maneno kwa uangalifu kama siku ile.

Hadithi za paukwa pakawa zafaa sana kwa zoezi lifuatalo. Watoto waigawe hadithi wanayoijua katika picha nane, wazichore katika daftari mfululizo, na chini ya kila picha waandike sauti inayosikika. Juu ya sauti mwalimu asipite haraka. Waambie wafumbe macho kwa dakika mbili, kisha waandike yote waliyoyasikia: mchi kinuni, pikipiki inayopanda mlima, jogoo, mwalimu wa darasa la pili akiitikiwa. Halafu wazitengeneze wenyewe. Punje za mahindi zikizungushwa juu ya ungo ni mvua. Vifuu viwili vikigonganishwa ni kwato za mnyama. Karatasi ikikunjwakunjwa taratibu ni moto. Mtoto mwenye kigugumizi, ambaye hatathubutu kusimama jukwaani, tumemwona akiongoza kundi la sauti kama amiri jeshi.

Katika hesabu, filamu ya sinema hupitisha picha 24 kwa sekunde moja. Kwa dakika ni picha 1,440, na kwa filamu ya dakika 90 ni picha 129,600. Watoto wakichora mtu anayetembea katika pembe za kurasa 24 za daftari kuukuu na kuzipekua kwa kidole gumba, watamwona anatembea, na wataelewa kwa nini kazi ya sekunde moja yaweza kumaliza kipindi kizima. Katika sayansi, kile kisanduku cheusi chenye tundu la sindano, ambacho kimo vitabuni siku zote kwa ajili ya kuonyesha kwamba mwanga husafiri kwa mstari ulionyooka, ndicho baba wa kamera zote. Twashangaa ni walimu wangapi hukifundisha bila kulitaja jambo hilo. Kama shule inaruhusu, simu ya mwalimu yaweza kutumika mwishoni kabisa, baada ya boksi, baada ya michoro na baada ya mswada. Simu ikitangulia, watoto watajipiga picha za nyuso na somo litakuwa limekwisha.

Hapa hatuna budi kusema neno juu ya maigizo ya shule kama yanavyofanywa sasa. Mgeni rasmi anakuja. Mwalimu anatunga igizo siku tatu kabla. Anamchukua mtoto yule yule mwenye sauti kubwa na sura ya kupendeza aliyechukuliwa mwaka uliopita. Wengine ishirini wanakuwa "wanakijiji" na kusimama nyuma. Mlevi anayumba, watu wanacheka, mwishoni mtu anatoa hotuba juu ya madhara ya ulevi. Igizo hilo halimfundishi mtoto kutazama wala kusikiliza. Lamfundisha kwamba sanaa ni ya wale waliozaliwa na sura fulani, na kwamba kazi yake ni kumfurahisha mkubwa aliyeketi chini ya turubai. Tungependa kuona mwaka mmoja tu ambapo watoto wenyewe wametunga, na zamu za kuongoza, kuandika, kutengeneza sauti na kutunza maleba zimezunguka darasa zima, wasichana wakiwamo katika kuongoza na wavulana katika kushona. Mgeni rasmi atavumilia.

Liko jambo zito zaidi, na kwa ajili yake tungeandika makala hii hata kama mengine yote yasingekuwapo. Mtoto aliyelishwa sifa za uso wake, akamaliza shule ya msingi bila kuelezwa kazi hii ilivyo, ni windo jepesi. Twamfahamu binti mmoja aliyepigiwa simu na mtu aliyejiita mtayarishaji wa filamu. Akaambiwa atume "ada ya usaili", kisha "ada ya fomu", kisha nauli ya mtu wa kumpokea. Mama yake aliuza mbuzi wawili. Binti alifika mjini na hakupokewa na mtu, na tunashukuru kwamba hakupokewa, kwa maana wako waliopokewa na yaliyowapata hayafai kusimuliwa katika jarida hili. Mwanachuo awaambie wanafunzi wake wa madarasa ya juu, waziwazi na bila kuwatisha, mambo machache: anayetafuta mwigizaji humlipa mwigizaji, hamtozi, usaili wa mtoto hufanyika mchana, mahali palipo na watu, mzazi au mlezi akiwapo, na mtu anayedai mwili ili atoe nafasi anatenda kosa la rushwa ya ngono chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25. Wajue pia kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haimruhusu mtoto aliye chini ya miaka 14 kuajiriwa. Mtoto anayezijua sheria hizi kwa majina yake si rahisi kudanganywa na mtu mwenye miwani myeusi.

Na mikataba pia. Katika ile miaka ya filamu za video watayarishaji wengi waliuza haki zote za kazi zao kwa msambazaji kwa malipo ya mara moja. Nakala zikaendelea kuuzwa mwaka hadi mwaka, nao hawakupata hata senti. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilikuwapo tangu mwaka 1999, lakini sheria haimsaidii mtu asiyesoma karatasi kabla ya kuitia sahihi. Somo la ufahamu katika darasa la sita laweza kuwa ni mkataba mfupi uliotungwa na mwalimu, wenye sentensi moja ya hila ndani yake, watoto waitafute. Somo la asilimia laweza kuwa mgawanyo wa mapato ya filamu. Hayo ndiyo majibu yetu kwa wale wanaosema mtoto ashike kwanza kusoma na kuhesabu.

Mzazi naye asisahauliwe. Baba akisikia kwamba mwanawe ataka filamu, atamjia mwalimu ama kwa hasira ama kwa matumaini yasiyo na kipimo. Mwalimu amweleze ramani ilivyo. Mtoto amalize shule, asome sekondari, aandike sana. Baadaye iko Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, iliyoanzishwa kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981. Iko Idara ya Sanaa Bunifu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Na kwa walio Kenya kuna chuo cha mawasiliano ya umma cha Nairobi kilichoanza mwaka 1961. Amweleze vilevile kwamba fundi umeme, seremala na mshonaji aliyehitimu chuo cha ufundi huingia katika filamu akiwa na kazi mkononi ambayo haitamtupa hata kama filamu itakosekana. Wala asimwahidi kitu. Mapato ya kazi hii ni ya vipindi, na wengi wanaoifanya wana shamba, duka au cherehani pembeni.

Wanachuo watakaokwenda katika mazoezi ya kufundisha muhula ujao, wakilijaribu somo la fremu ya boksi au lile la "Mama alikasirika", tunawaomba watuletee maandalio yao ya somo pamoja na majibu ya watoto kama yalivyotoka vinywani mwao, bila kuyasahihisha. Watakaofundisha darasa la tatu na la nne watufaa zaidi, kwa sababu madarasa hayo bado hatujayaona vya kutosha. Nafasi ya kuyachapa katika toleo lijalo imetengwa.